Siku Échelle ya Lukenge Ilisoma Zero

Mumeniomba niandike mambo ya kazi yangu, ninyi vijana benye mumebaki mu bureau ya Butembo na ordinateurs zenu nyepesi sawa sahani. Sawa. Lakini musitafute humu siku nilipandishwa cheo, ao mushahara ilikuwa ngapi. Ile yote iko mu dossier yangu, na dossier yangu panya ilishaanza kuisoma. Mimi nitawaelezea juu ya mayi. Miaka yote ile nilifanya kazi moja: kuuliza kama barrage, ule ukuta wa kufunga muto, ikivunjika mayi itafika wapi, itafika saa ngapi, na itakuwa na urefu gani ikifika. Mutu mwenye hajafanya ile hesabu anafikiri ni kazi ya huzuni. Hapana. Mpaka leo, nikiona wimbi inaanza kushuka mu écran, roho yangu inadunda.

Siku ya kwanza nilifika ku bureau na viatu ya kisigino murefu, juu mama yangu alisema ingénieure ni mutu mukubwa, na mutu mukubwa haendake kazini na kandambili. Chef Mumbere, mwenye alinifundisha kazi yote, aliangalia ile viatu. Alinipa kamba yenye mafundo ku kila mita, chronomètre moja, na machungwa tano. Nikamuuliza kama machungwa ni ya kula muchana.

"Ni ya kutupa mu muto," alisema.

Musicheke. Chungwa inaelea nusu yake chini ya mayi, upepo haiisukume, unaiona toka mbali, na ikipotea hakuna mutu atakuomba rapport. Unaitupa ku fundo ya kwanza, unahesabu ma seconde mpaka ku fundo ya mwisho, na umepata mbio ya mayi. Jioni ya ile siku kiatu yangu moja ilibebwa na muto, mbele ya macho yangu, na Chef akabonyeza chronomètre. Njo kipimo yangu ya kwanza kuingia mu kitabu ya bureau.

Ordinateur ilikuwa moja tu, na secrétaire alikuwa anaifunika kitambaa cheupe sawa bibi arusi. Kama groupe ya kutoa umeme ilikuwa na mazutu, tulikuwa tunahesabu. Kama mazutu hapana, tulikuwa tunasafisha machungwa. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa barrage mudogo ya udongo, upande ya Beni, yenye ilikuwa inazungusha mashine ya mupunga. Nilipima, niliandika, nilianzisha hesabu. Kisha ya saa mbili matokeo ikatoka, na mimi nikakimbia mpaka kwa Chef nahema.

"Chef, Beni inaisha."

"Barrage iko na urefu gani?"

"Mita sita."

"Na wimbi?"

"Mita mia tatu na kumi."

Alikunywa chai yake polepole. "Masika, zile zingine mia tatu na ine, umezitosha wapi?"

Nilitaka udongo inimeze. Lakini njo vile nilijifunza. Ordinateur haione mayi sawa sisi tunaiona. Inakata bonde vipande vipande sawa mukate, na saa nayo inaikata. Ku kila kipande inauliza: mayi ngapi imeingia, ngapi imetoka. Ukikata saa vipande vikubwa, mayi inaruka juu ya kipande ya bonde bila kuigusa, na hesabu inashikwa na wazimu. Nilikata saa vidogo, wimbi ikarudi mita tano, na Beni ikapona. Usiku ule sikulala juu ya furaha, na mume wangu akauliza kama niko na malaria.

Shida ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kama kipande ya bonde haiko na mayi hata tone, hesabu inajaribu kugawanya na zero, na inakufa. Chef alinionyesha dawa. Mbele wimbi haijaanza, unaweka mayi kidogo fasi yote, sentimita kumi tu, na hesabu inatulia.

"Ni uongo," alisema, "lakini ni uongo mudogo. Huku kwetu mvula inanyesha kila juma. Muto ya kwetu haikaukake."

Nikaandika mu kitabu yangu: sentimita kumi. Nikapiga mustari chini yake. Nilitumia ule uongo miaka makumi mbili, na haukunidhuru hata siku moja, isipokuwa moja. Ile moja njo nataka kuwaelezea.

Lukenge ni muto moja unashuka mu misitu, kando ya njia ya Manguredjipa. Bakubwa fulani balitaka kujenga barrage ya umeme kule, na mbele ya kujenga tukatumwa kuhesabu itakuwa nini kama ikivunjika. Barrage ile haikujengwa mpaka leo. Hesabu njo ilijengwa. Na juu ya ile hesabu nilijuana na Tata Kasereka.

Tata Kasereka alikuwa musomaji wa échelle mu kijiji ya Kyasenge. Échelle ni ile rula murefu ya chuma yenye tunasimamisha mu mayi, pembeni ya daraja, juu ya kusoma urefu ya muto. Alikuwa anaisoma mara mbili ku siku, asubuhi na jioni, na kuandika mu cahier. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya kilima, karibu na chapelle, donc kila siku alikuwa anashuka na kupanda mara mbili, na bottes zake za matope, zenye alikata shingo juu zilikuwa zinamubana. Mutu akifunga mbuzi ku échelle, wataonana. Mama akianika nguo pale, wataonana. Darasa yake ilikuwa ya tatu tu, lakini miaka yote nilipekua cahier zake sikupata siku moja ya uongo. Hata siku ya ndoa ya binti yake aliandika asubuhi na jioni, ijapokuwa ya jioni maandishi inayumba kidogo.

Tulipima naye Lukenge kwa juma tatu, yeye na ile fimbo ya kupimia, mimi na lunette ya kulenga toka mbali. Mara mbili kazi ilisimama, juu kulikuwa kilio mu kijiji, na Tata Kasereka hakuachake kilio. Alikuwa wa kwanza kufika na kuni, wa mwisho kutoka. Nikamuambia tunachelewa. Akaniangalia sawa mutoto mwenye hajafundishwa.

"Binti yangu, mayi itakungojea. Maiti haingoje."

Kwetu munajua. Kukiwa kilio, jembe inalala. Mutu mwenye ataonekana analima ao anavua samaki mbele marehemu hajazikwa, kesho batamuuliza alikuwa na nini naye, na ile swali haiko na jibu muzuri. Nilifunga lunette, nikamufuata kulia mutu mwenye sikujua.

Sasa sikieni. Miaka ikapita, Chef Mumbere akapumuzika na kazi, mimi nikabaki na meza yake. Ile mwaka mvula ilinyesha siku tatu bila kuacha, Butembo yote ikawa matope. Siku ya ine, asubuhi, telefone ikalia. Tata Kasereka alikuwa amesimama fasi ya réseau.

"Binti yangu, échelle inasoma zero."

"Imeanguka, Tata?"

"Imesimama. Muto njo haiko."

Nilirudilia ile maneno kwa nguvu mu bureau, na benzangu bakacheka. Moja akasema muzee ameanza kunywa kasiksi mapema. Mimi sikucheka. Mvula siku tatu, muto inapashwa kujaa mpaka juu ya daraja, na yeye anasoma zero. Mayi haipotee, ile njo sheria ya kwanza ya kazi yetu. Kama haiko chini, iko juu. Kitu kimefunga Lukenge.

Nikamuomba atume motard na pikipiki yake aende kuangalia. Kisha ya muchana akanipigia tena. Kilima moja ilikuwa imeteremuka na mikaratusi yake yote, ikaanguka fasi bonde ni mwembamba, ikaziba. Nyuma yake mayi ilikuwa inapanda. Motard alisema ule ukuta wa udongo uko na urefu sawa kanisa, na kanisa ingine juu yake.

Barrage yenye batu bakubwa balishindwa kujenga, mulima imeijenga usiku moja. Ninaona haya kusema, lakini nilikuwa na furaha. Hesabu yangu ya Lukenge ilikuwa inalala mu armoire, mabonde yote imepimwa, na sasa iko na kazi. Nilifukuza batu ku ordinateur. Cahier za Tata Kasereka zilinionyesha Lukenge inaleta mayi ngapi ku mvula ya namna ile, na carte ilinionyesha bonde ya juu inameza ngapi. Ni sawa kujaza karai: ukijua robinet, utajua saa ya kumwangika. Jibu ilitoka: kesho, karibu saa tano ya asubuhi. Udongo ile haina ciment, mayi ikipita juu yake itaikata sawa kisu na siagi. Kisha wimbi ingeshuka dakika makumi tano mpaka Kyasenge. Ku daraja ingepita juu ya mabati ya nyumba.

Nilitosha carte na rangi ya blue fasi mayi itafika. Nyumba makumi mbili na kitu zilikuwa ndani ya blue. Telefone haikumupata tena Tata Kasereka. Bakubwa tulibajulisha, lakini njia ilikuwa imekatika kwa mvula na gari haikupita. Motard anapita. Kesho yake mapema sana nilipanda nyuma ya motard na carte yangu mu sachet, na matope ilinifika mpaka ku meno.

Tulifika Kyasenge saa tatu. Nikaenda moja kwa moja ku zile nyumba za blue. Milango yote ilikuwa imefungwa na kadenasi. Hata mutoto hapana, hata mugonjwa. Machozi ikanitoka juu ya furaha. Nikajisemea: Masika, bamekusikia mbele haujasema.

Kisha nikasikia kicheko. Ilikuwa inatoka ku muto.

Bote balikuwa mule ndani. Kyasenge yote, na vijiji vya kando, bamama na vitunga, banaume na karai, bazee, batoto. Samaki zilikuwa zimebaki mu vidimbwi vidogo, unaokota na mukono. Kwa miaka hakuna mutu aliona chini ya Lukenge, na chini kulikuwa muchanga wa dhahabu. Balikuwa banaimba. Moja alinipungia samaki kubwa.

Nikakaa chini ku jiwe. Mu carte yangu ndani ya muto ilikuwa blue tu, haina mutu, juu ndani ya muto kunakuwaka mayi. Niliiweka mimi mwenyewe ile mayi. Sentimita kumi, na mustari chini. Miaka makumi mbili hesabu yangu ilikataa kuona muto mukavu, na mimi nikakataa pamoja nayo. Dakika makumi tano nilizihesabu mpaka ku milango, na hakuna mutu alikuwa ku mulango.

Nilianza kupiga kelele kwa nguvu. Muondoke, mayi inakuja. Batu bakaangalia kulia, bakaangalia kushoto.

"Ingénieure," mama moja akasema kwa heshima yote, "mayi gani?"

Nikafungua carte. Bakaiangalia muzuri, bakasema rangi ni muzuri. Chef wa kijiji alipiga filimbi, bakamupatia samaki. Mama Kavira, muke wa Tata Kasereka, alikuwa katikati kabisa, kitunga imejaa, kitenge imefungwa ku magoti. Tata Kasereka mwenyewe alikuwa anaita toka ku daraja mpaka sauti ikakatika, na muke wake hakugeuka hata shingo. Saa ine ilikuwa imepita.

Tata Kasereka akanishika mukono, tukapanda kilima mpaka ku chapelle. Kengele yao ni jante, chuma ya gurudumu ya kamyo, imetundikwa ku muti. Akamuita katekista.

"Piga ya kilio."

"Nani amekufa?"

"Mimi."

Katekista alikataa. Alisema hawezi kutangaza kifo ya mutu mwenye anasimama mbele yake na bottes. Tata Kasereka akamuambia yeye mwenyewe atatubu Jumamosi, na kama mayi ikifika mbele ya Jumamosi, katekista njo atatubu juu ya batu mia mbili. Nikauliza kama hatuwezi kusema ni mutu mwingine. Akakasirika.

"Nitangaze kifo ya baba ya nani? Nitamutesa nani? Mimi niko na familia moja tu, na iko mule ndani ya muto."

Katekista akashika chuma. Ile ya misa wanaipiga haraka. Ya kilio inaenda polepole, moja, unangojea, moja, unangojea. Nilikuwa ku ukingo ya kilima, niliona vichwa vyote chini vinainuka pamoja, sawa nyasi. Wimbo ikakatika. Jina ikashuka kilima toka mudomo mpaka mudomo: Kasereka wa échelle. Kitunga ya Mama Kavira ikaanguka. Ile kilio yake nilisikia mpaka juu, na nikajua nimefanya kitu kibaya, na nikaomba ifanye kazi.

Ilifanya kazi. Bote balipanda. Mwenye alikuwa anamupenda alipanda juu ya upendo, mwenye waligombana juu ya mbuzi alipanda haraka zaidi, asiulizwe. Balibaki banaume batatu tu, batafuta-dhahabu ya mbali, banaendelea kuosha muchanga. Nikashuka mbio.

"Muzee amekufa kule juu," nikabaambia.

"Pole, mama. Hatumujue."

Ni kweli, hawakumujua. Kengele haikubaambia kitu. Nilikuwa na miaka makumi tano na mbili, na magoti yenye inalia. Nilikamata karai yao ya dhahabu, yenye muchanga ya asubuhi yote, nikakimbia nayo kupanda kilima. Mwizi. Banaume batatu nyuma yangu na matusi ya lugha ine. Sijakimbia vile hata nikiwa musichana. Balinikamata mbele ya nyumba ya kilio, katikati ya batu mia mbili banalia, na haya ikabashika, bakakaa.

Mu chumba, Mama Kavira alikuwa amekuta bwana yake anakaa ku kitanda anafunga bottes. Alivua kandambili, akamupiga nayo mara tatu. Tukamuelezea haraka, mimi na katekista. Akaangalia dirisha, upande ya muto, akavaa kandambili yake. Kisha akatoka inje, akalia kuliko mbele, na ile mara ilikuwa hasira, mutu yeyote angeamini.

Saa sita ikafika. Mayi hapana. Saa sita na nusu, mayi hapana. Baadaye nilijua sababu: ndani ya muto mukavu wimbi inapigana na mawe, inasukuma miti mbele yake, inachelewa. Sentimita zangu kumi zilikuwa zimeipatia njia laini yenye haikukuwa. Lakini ile saa sikujua kitu. Nilijua tu kama batu banaanza kuangalia chini, fasi samaki zimebaki. Bazee bakaomba kuona marehemu. Kilio gani hii, bakasema, maiti inafichwa sawa biashara ya magendo ku mupaka ya Kasindi. Vijana babili balikuwa bamesimama, banapanguza suruali.

Donc tulimulaza. Ku mukeka, mu sebule, kitambaa cheupe mpaka ku kidevu, bottes ndani juu hakukuwa nafasi ya kuzivua. Bazee bakaingia, bakamuangalia. Moja akasema amekonda. Mwingine akasema hapana, njo alivyokuwa. Bale vijana bakarudi kukaa. Mimi nilikuwa nashika saa yangu mpaka mukono ikakufa ganzi.

Ilikuja karibu saa saba. Kwanza ndege bakaruka bote pamoja toka bonde ya juu. Kisha sauti, sawa makamyo mingi inashuka na vitesse ya kwanza. Batu bakaenda ku ukingo. Na hapo, mbele ya Mungu naandika kweli, marehemu akasimama. Alipita katikati ya bazee na kitambaa chake cheupe ku mabega, bottes inapiga chini, anakimbia ku ukingo anapiga kelele, "Nani anasoma? Nani anasoma urefu?" Hakuna mutu alimukimbia. Hakuna mutu alimuona. Bote balikuwa banaangalia Lukenge.

Haikuwa mayi, ilikuwa ukuta mweusi wa mikaratusi inatembea imesimama. Ilichukua daraja bila kupunguza mbio. Ilichukua ma nyumba moja moja, fasi nilipaka blue, karibu ku mustari kabisa, na mimi nikajikuta nasema, "Ndiyo, pale, na pale," sawa mutu anasoma barua ya ndugu. Fasi ya samaki na dhahabu ilikuwa chini ya mayi mita nyingi. Échelle ilienda na wimbi. Tata Kasereka alichukua Bic yangu toka mu nywele yangu, akaandika ku mukono wake urefu yenye aliona ku ukuta ya duka, mbele ukuta nayo haijaenda.

Wimbi ikapita. Mama moja akageuka, akamuona, akasema polepole, "Kumbe ulikufa juu yetu." Batu bakaanza kucheka, banacheka na kulia, na banaume batatu ya dhahabu banacheka kuliko bote. Niliwarudishia karai. Hakukuwa mutu wa kuzikwa. Jumamosi Tata Kasereka alitubu, na katekista alitubu nyuma yake mu mustari.

Kurudi Butembo nilienda kwanza kwa Chef Mumbere, ku shamba yake ya kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho, mukono ku shavu.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilisema haikaukake."

"Ulisema ni uongo mudogo, Chef."

"Basi uitoshe mu hesabu."

Ilinichukua mwaka moja na nusu kufundisha hesabu yetu kuona muto mukavu bila kufa. Bale benye munatumia leo ile programme, munabonyeza tu na inaenda, mujue iko na jasho. Na munapochora carte, musiishie ku mayi. Muulize batu bako wapi ile saa, na banafanya nini, na nani atabaambia kitu yenye bataamini. Ile haiko mu logiciel, nimetafuta.

Mwezi yangu ya mwisho ku kazi niliomba niende mwenyewe kusimamisha échelle mupya ku Kyasenge, juu Tata Kasereka alikuwa mugonjwa na sikutaka mutu mwingine ashike ile kazi. Asubuhi nilimusalimia ku kitanda. Aliniuliza kama imesimama sawa. Nikamuambia bado kidogo. Nilikuwa ndani ya mayi mpaka ku magoti, nakaza bulon ya mwisho, kengele ikaanza. Moja, unangojea. Moja, unangojea. Nikaangalia saa yangu, sijue sababu gani. Mazoea.

Jina lake ikashuka kilima. Na batu bakatoka ku manyumba. Lakini hawakutoka sawa batu ba kilio. Walitoka na magodoro ku kichwa. Walitoka na mbuzi, na kuku, na masufuria, na mashine ya kushona, na bibi muzee ku mugongo. Bafunga-kadenasi bakarudia kuifungua juu ya kutosha redio. Hakuna mutu alikuwa analia. Bote balikuwa banapanda, haraka, kwa mustari, na baosha-dhahabu ba mbali nao ndani ya mustari, juu ile hadithi ilishabafikia mpaka Manguredjipa. Nikaangalia échelle nyuma yangu: mayi ya kila siku.

Nilipanda wa mwisho. Kiwanja ya Tata Kasereka ilikuwa imejaa magodoro. Batu balikuwa bamesimama ku ukingo, banangojea, na mama moja aliniuliza mayi itafika saa ngapi.

"Hapana mayi," nikamuambia. "Leo ni yeye mwenyewe."

Hakuniamini. Ilibidi aingie, amuguse mukono. Akatoka, na kilio ikaanza, ya kweli, kiwanja yote pamoja, mbuzi nazo.

Mama Kavira alikuwa anakaa chini kando ya mukeka. Nilikaa naye. Kisha nikatosha cahier ya Tata Kasereka toka chini ya muto ya kulalia, juu siku ilikuwa haijaandikwa, na nikaandika urefu ya asubuhi. Chini yake nikaandika nambari ingine. Mama Kavira akaniangalia na macho mekundu, akauliza ninaandika nini mbele ya maiti.

Nikamuonyesha. Toka kengele ya kwanza mpaka mutu wa mwisho kufika juu, dakika makumi tatu na moja. Wimbi, hata ikienda mbio kabisa, inahitaji makumi tano.

"Ameshinda mayi, Mama," nikamuambia. "Na dakika kumi na kenda imebaki."